Kufuatilia meli ya enzi za ukoloni kwenye makaratasi, hatua kwa hatua, bila kuingizwa mjini na karani wa forodha

Meli ya kwanza kuifuatilia ilinipotezea wiki tatu nzima, maana nilikuwa nafuata meli siyo. Jina lile lile, mwaka ule ule, bandari ya kutokea ile ile, nikachukua karatasi za kuondoka nikaziunganisha na za kufika na nikaanza kuandika kwa madaha kabisa, kumbe zilikuwa meli mbili zenye manahodha tofauti na moja ilikuwa karibu mara mbili ya nyingine kwa ukubwa. Na yote hayo yalikuwa yameandikwa pale pale kwenye mstari ule ule, ila mi nlikuwa nasoma jina na tarehe tu. Kwa hiyo huu ni mwongozo wa mtu anayetaka kutumia rekodi za meli kuthibitisha biashara ya baharini ya kikoloni, nani alibeba nini, toka wapi kwenda wapi, na ni utaratibu ninaoufuata sasa hivi baada ya kuumia.

Hatua ya 1: kabla hujasoma chochote, uliza hela ilikuwa inaelekea wapi

Hakuna karani aliyekaa bandarini juani akaandika majina ya meli ili sisi tuje tusome baada ya miaka 300. Kila karatasi ya meli ipo kwa sababu kuna mtu alikuwa anadai hela au anaogopa kudaiwa, na ukishajua ni hela gani basi unajua karani alikuwa makini wapi na wapi alikuwa anajiandikia tu amalize zamu.

Chukua forodha. Sheria za Waingereza za usafiri wa baharini, kuanzia ile ya 1660, zilitaka mali za makoloni kama sukari na tumbaku zibebwe na meli zao na zisipelekwe moja kwa moja kwa mataifa mengine, ndo maana kwenye bandari za makoloni kulikuwa na afisa ambaye kazi yake ni kuorodhesha kila meli inayoingia na inayotoka, imejengwa wapi, ya nani, imeweka dhamana gani. Kwa hiyo safu ya mahali ilipojengwa hapo si mapambo, ndo roho ya daftari lenyewe. Wahispania walianzisha Casa de Contratación, ofisi ya kusimamia biashara na Amerika, pale Sevilla mwaka 1503 (ikahamia Cádiz 1717, ikafungwa 1790) na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuhakikisha mfalme anapata fungu lake kwenye fedha ya Amerika, kwa hiyo fedha iliyosajiliwa utaiona vizuri sana, na ile ambayo haikusajiliwa ndo hasa watu walikuwa wanahangaika kuificha.

Watu wa bima nao wana akili nyingine. Lloyd's List, gazeti la habari za meli, ilianza 1734 na kinachoiuma ni meli imefika au imezama, shehena haiwahusu kihivyo. Lloyd's Register, orodha ya meli na hali zake, ya kuanzia 1764 inataka kujua meli ina umri gani na imechoka kiasi gani. Logi ya nahodha, yaani daftari la safari la kila siku, inakupa upepo, mahali, dhoruba, nani kafa, na inaweza kwenda miezi mitatu bila kutaja hata gunia moja la mzigo, ila ina faida zake, kuna watafiti walichukua logi za Waingereza, Waholanzi, Wahispania na Wafaransa za kati ya 1750 na 1850 wakazitumia kujenga upya hali ya hewa ya baharini. Halafu kuna madaftari ya mishahara, hayo mimi nayapenda kuliko yote, kwa sababu mtu akidai mshahara wake hakosei siku aliyopanda melini. VOC, ile kampuni ya Waholanzi ya 1602 mpaka 1799, imeacha madaftari ya mabaharia na askari wake mamia ya maelfu ya majina.

Hatua ya 2: chagua kitu kidogo

Usianze na "biashara ya Bahari ya Hindi". Chagua bandari moja kwa miaka mitano, au meli moja kwa maisha yake yote, au bidhaa moja. Basi. VOC peke yake ilituma safari kama 4,700 kutoka Uholanzi kwenda Asia, ukiingia humo bila kamba hutoki.

Kisha jua karatasi zinakaa wapi. Orodha za meli za makoloni ya Uingereza ziko Kew, London, kwenye nyaraka za taifa, logi za kampuni yao ya India ziko British Library. Za VOC nyingi ziko The Hague ila nyingine zilibaki kule kule kampuni ilikofanya kazi, Jakarta, Chennai, Colombo, Cape Town. Za Hispania ziende Sevilla kwenye Archivo General de Indias, iliyoanzishwa 1785. Za Ureno ni Lisbon. Za upwa wa Afrika Mashariki itabidi uchanganye Zanzibar, Nairobi, London na Mumbai, kwa sababu majahazi na meli za huku zilikuwa na mguu kila upande. Na kabla hujawaza nauli angalia mtandaoni, kurasa za VOC kwa mamilioni zimeshaskaniwa na maandishi yake yanasomwa na kompyuta siku hizi, na safari za biashara ya watumwa ya Atlantiki zaidi ya 36,000 ziko kwenye hifadhidata ya SlaveVoyages bure kabisa. Ila hapo kwa SlaveVoyages kuwa makini na kitu kimoja: baadhi ya namba ni za kwenye nyaraka na baadhi zimekadiriwa kwa hesabu, na zimewekwa safu tofauti, sasa watu wanakopi ya makadirio wanasema "nyaraka zinaonyesha". Hazionyeshi.

Hatua ya 3: soma mstari mmoja mpaka uchoke nao

Tufanye mfano, huu nimeutunga mimi wa kujifunzia. Meli imetoka koloni la sukari mwaka 1750, tani 80, mabaharia 9, mizinga hakuna, imejengwa New England kule Amerika ya Kaskazini, shehena mapipa makubwa 200 ya sukari.

Haraka haraka unaandika "mapipa 200" unaendelea. Simama kwanza. Pipa kubwa la sukari lilikuwa na ratili 1,000 na kuendelea, kwa hiyo mapipa 200 ni ratili laki mbili, hizo ni kama tani 89 hapo hatujapima mbao za mapipa yenyewe, sasa meli ya tani 80 imebebaje? Karani kadanganya? Inawezekana, ila mara nyingi sababu ni kwamba tani zilizosajiliwa kwenye orodha hizo kabla ya 1786 zilikuwa chini ya tani za kupima, kwa kawaida kama theluthi mbili hivi, kwa hiyo tani 80 za kwenye karatasi ni kama 120 za kupima kwa kamba. Mwaka 1786 Waingereza wakabadilisha sheria, usajili ukawa lazima ufuate kipimo, na ukichora grafu bila kujua hilo utaona meli zote zimenenepa ghafla ndani ya mwaka mmoja na utaandika aya nzuri sana kuhusu ukuaji wa biashara ambao haukuwepo. Ikafika 1854 wakabadilisha tena, tani moja ya usajili ikawa futi za ujazo 100 za nafasi ya ndani, yaani tani hapo hata si uzito, ni chumba.

Sasa angalia watu. Tani 80 watu 9 ni meli ya mzigo ya kawaida. Ukikuta tani 80 watu 35 na mizinga kumi, aisee, hiyo ama ni ya kuteka meli za maadui kwa kibali ama inaenda pwani ya Afrika kuchukua watu, maana meli za watumwa zilihitaji mabaharia wengi wa kulinda. Safu ya idadi ya mabaharia inaweza kukuambia biashara ya meli hata pale safu ya shehena imeandikwa kistaarabu tu "bidhaa mbalimbali".

Na vipimo, vipimo, vipimo. Pipa la tumbaku la Virginia la karne ya 17 lilikuwa na kama ratili 500 hivi, kuelekea mwisho wa karne ya 18 limefika karibu 1,000, kwa hiyo ukihesabu mapipa kwa miaka mia unahesabu vitu viwili tofauti kwa jina moja. Huku kwetu frasila ilikuwa kama ratili 35, hiyo angalau inashikika. Kibaya kuliko vyote ni ile "pieza" ya Wahispania kwenye mikataba ya watumwa, ambayo haikuwa mtu mmoja, ilikuwa kipimo: mtu mzima mwenye afya na kimo kinachotakiwa anahesabika pieza moja, watoto na wazee na wagonjwa wanahesabika vipande. Ukiandika pieza 300 sawa na watu 300 umepunguza watu halisi waliokuwa mle ndani, na umefanya hivyo kwa kufuata hesabu ya mnunuzi.

Hatua ya 4: tarehe

Hii fupi lakini inaua. Mpaka mwaka 1751 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo karatasi yao inayosema Januari 1720 kwa hesabu yetu ni Januari 1721. Halafu Septemba 1752 wakaruka siku 11, baada ya tarehe 2 ikaja 14. Wahispania na Wareno walishabadilisha tangu 1582. Ndo maana unaweza kukuta meli imefika kabla haijaondoka. Pia kwenye logi siku ya baharini ilianza saa sita mchana ya siku iliyotangulia, tukio la Jumatatu alasiri linaandikwa chini ya Jumanne, manowari za Uingereza ziliacha mtindo huo 1805, meli nyingine ziliendelea nao. Mi naweka safu mbili, tarehe kama ilivyoandikwa na tarehe niliyosahihisha, na ile ya kwanza siigusi kamwe.

Hatua ya 5: hakikisha ni meli ile ile

Jina halitoshi. Majina ya meli yalikuwa machache kama majina ya shule za msingi, akina Mary na Elizabeth na San José wamejaa kila bandari. Unahitaji vitu vinne: jina, nahodha, tani, na mahali ilipojengwa. Vitatu vikikubaliana endelea kwa tahadhari, viwili tu weka alama ya kuuliza na usijidanganye. Kumbuka nahodha anakufa njiani nafasi yake anaichukua msaidizi wake, meli inatekwa vitani inabadilishwa jina, na tahajia ni uji kabisa, kila karani anaandika anavyosikia.

Na bendera si uraia. Majahazi ya Sur kule Oman yalikuwa yanapewa karatasi na bendera ya Ufaransa, na mwenye bendera hiyo manowari za Waingereza zilizokuwa zinawinda wasafirishaji wa watumwa zilikuwa hazimsogelei ovyo. Ugomvi ukafika mpaka kwa mahakama ya usuluhishi The Hague, uamuzi ukatoka tarehe 8 Agosti 1905, kwamba kuanzia tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati isipokuwa wale waliostahili kuhesabika kama watu walio chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo ukikuta jahazi "la Kifaransa" kwenye orodha ya bandari za huku miaka hiyo usikimbilie kuandika kwamba Wafaransa walikuwa na biashara kubwa, nahodha anaweza kuwa hajawahi kuiona Ufaransa hata kwenye picha.

Hatua ya 6: tafuta karatasi ya upande wa pili

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na kama utafanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu fanya hii. Karatasi moja ni maneno ya mtu mmoja. Meli ilitoka mahali ikafika mahali, kuna karani huku na karani kule na hawajuani, na pale wanapokubaliana una ushahidi, na pale wasipokubaliana una kitu kizuri zaidi, una swali.

Mfano ninaoupenda ni São José Paquete Africa, meli ya Wareno. Miaka ya 1980 wawinda hazina waliyakuta mabaki ya meli karibu na ufukwe wa Cape Town wakadhani ni ya Waholanzi, ikaishia hapo. Baadaye wanaakiolojia wakafanya kazi ya makaratasi. Cape Town kwenye nyaraka za zamani kukapatikana maelezo ya nahodha mwenyewe aliyoyatoa baada ya meli kuvunjika tarehe 27 Desemba 1794, akieleza alikuwa anatoka Msumbiji kwenda Brazil na watu waliotekwa, zaidi ya 400, na zaidi ya 200 kati yao wakafa maji, na walionusurika wakauzwa pale pale Cape. Sawa, lakini hayo ni maelezo ya mtu anayejitetea kwa tajiri wake. Sasa Lisbon, bara jingine kabisa, ikapatikana orodha ya vitu vilivyopakiwa meli ilipoondoka Aprili 1794, na humo kuna vipande 1,500 vya chuma vya farumi, ule uzito wa chini unaoizuia meli isilale ubavu. Wapiga mbizi wakaenda chini wakavikuta vyuma vyenyewe, mwaka 2015 ikatangazwa.

Angalia kilichotokea hapo. Farumi ni mzigo wa kijinga kuliko yote, hautozwi kitu, hauuzwi, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuudanganya, ndo maana una nguvu. Na wenyewe unasema jambo zaidi: meli iliyojaa magunia ya sukari haihitaji chuma kingi hivyo, meli inayokwenda kubeba watu inahitaji, kwa sababu watu ni wepesi kuliko shehena na wanasogea, na wanakufa njiani uzito unapungua. Orodha ya Lisbon haihitaji kutaja neno mtumwa, vile vyuma 1,500 vimeshasema meli imejiandaa kubeba nini.

Upande wa magendo nako ni hivyo hivyo. Mwaka 1733 Waingereza waliweka ushuru wa peni sita kwa kila galoni ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa, kutoka visiwa vya mataifa mengine, na madaftari ya New England yanaonyesha molasi kidogo ya kigeni ikiingia kihalali, wakati huo huo viwanda vyao vya pombe ya ramu vinafanya kazi kama kawaida. Ramu haitengenezwi na hewa. Usitafute molasi kwenye daftari la inakoingia, tafuta kwenye hesabu za wenye viwanda na kwenye bandari za Wafaransa ilikotoka.

Hatua ya 7: thamani zishike kwa mkono wa kushoto

Madaftari ya biashara ya nje ya Uingereza yaliyoanza baada ya 1696 yana safu ya thamani nzuri inavutia, ila bei zake ziligandishwa kwenye bei za mwanzoni, kwa hiyo miaka hamsini baadaye bado bidhaa ile ile inathaminiwa kwa bei ile ile. Zinafaa kupima wingi, hazifai kabisa kusema nani alipata faida. Kwa upwa wa Afrika Mashariki utakutana na riale ya Maria Theresa, rupia, na pauni, wakati mwingine kwenye ripoti moja, acha kila moja kama ilivyo na weka safu ya pembeni. Na usibadilishe kuwa hela za leo, tafadhali, haimsaidii mtu.

Hatua ya 8: hesabu kisichoandikwa

Bandari ziliandika vizuri kile walichoona kina maana. Meli ya moshi ya kampuni ya British India iliyoanza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden mwaka 1872, au ya kampuni ya Wajerumani ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ya kuanzia 1890, ina makaratasi kila kona. Jahazi lililokuja na kaskazi likarudi na kusi likiwa na boriti za mikoko na abiria lina mstari mmoja, likibahatika. Kwa hiyo ukihesabu mistari tu utaona majahazi yamekufa mapema kuliko ilivyokuwa, kumbe kilichokufa ni hamu ya karani.

Pale daftari linapokaa kimya tafuta alama nyingine, hata maneno. Sisi tunasema merikani kwa ile nguo ya pamba nzito, na jina hilo ni karatasi ya meli tosha, meli za Salem, Massachusetts, zilikuja Zanzibar na nguo hizo zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, Marekani wakatia mkataba na Seyyid Said 1833 na balozi wao mdogo akafika 1837. Ukisoma orodha ya shehena ukakuta nguo za pamba kutoka huko usiweke tu "nguo", mnunuzi wa hapa alijua tofauti ya merikani na kaniki na alikataa isiyo yake.

Na ukimya mwingine ni wa ajali tu. Madaftari ya bandari ya London ya karibu karne nzima ya 18 yaliteketezwa na serikali yenyewe, na jengo la forodha la London liliungua Februari 1814 na makaratasi yake. Bandari kubwa kuliko zote ina pengo, vibandari vidogo vina daftari kamili. Mtu asiyejua atasema biashara ilihamia mikoani.

Hatua ya 9: andika kwa namna ambayo mwingine anaweza kukukamata

Jedwali langu kila mstari una namba ya nyaraka, ukurasa, maneno kama yalivyo kwenye lugha yake, halafu ndo tafsiri na hesabu zangu, halafu safu ya mwisho ya uhakika: A karatasi mbili zisizojuana zinakubaliana, B karatasi moja, C nimekisia. Karibu kila mtu ninayemwona akianza anajaza C nyingi anaziita A.

Kwa meli za watumwa naongeza safu ya vifo na ya chanzo chake, kwa sababu idadi ya waliopanda na ya walioshuka mara nyingi ziko kwenye madaftari tofauti. Kampuni ya Middelburg ya Uholanzi ina mafaili ya ajabu kwa hilo, safari ya meli yao De Eenigheid ya 1761 mpaka 1763 ina logi, ina daftari la manunuzi linaloonyesha kila mtu alinunuliwa kwa bidhaa zipi, na ina daftari la tabibu la magonjwa na vifo, vitabu vitatu vya meli moja vimeandikwa na watu watatu. Kama unataka kujifunza kuunganisha pande anzia hapo, chukua siku moja ya safari, isome kwenye vitabu vyote vitatu, uone logi inaandika upepo mzuri siku ambayo tabibu anaandika maiti.

Kitu cha mwisho ni cha kijinga ila kitakuokoa: ukipiga picha nyaraka kwa simu anza na jalada lenye namba ya faili kabla ya kurasa za ndani, na piga na nyuma ya karatasi hata kama inaonekana tupu. Makarani walikuwa wanafanya hesabu zao za kweli huko nyuma.